Mwanao yuko chuo kikuu: haki yake anayo nani?

  

Ndugu msomaji, mkulima wa korosho wa Mtua hadanganyiki kwa urahisi mbele ya mzani. Anapofikisha magunia yake kwenye ghala la chama cha msingi, husimama papo hapo mpaka mzani utulie, akaisoma namba kwa macho yake mwenyewe, akauliza daraja la korosho zake, na hatoki bila stakabadhi. Siku ya mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika kinachowaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hutega sikio asikie bei. Malipo yakija pungufu ya alivyohesabu, hutaja makato moja baada ya jingine na kuuliza kila moja limekwenda wapi. Kangomba anaijua vilevile. Anajua kwamba mwenye shida anayeuza kwa bakuli gizani ndiye anayepunjwa. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika korosho mwaka 2007, umelalamikiwa kwa mengi, lakini jambo moja umewazoesha watu wa Kusini: mali isiyo na karatasi haina mwenyewe.

Sasa mtazame mkulima huyohuyo anapompeleka mwanawe chuo kikuu. Anauza ufuta, ananunua begi na godoro, anampandisha kijana basi la kwenda Dar es Salaam au Dodoma, anamwombea dua, na hapo anaiona kazi yake imekwisha. Barua ya udahili hakuisoma. Mkataba wa mkopo aliwekewa mbele yake akatia saini, au akatia dole gumba, na nakala hakubaki nayo. Miaka miwili baadaye kijana anarudi nyumbani na begi lilelile, hana shahada, na mzazi hana mkononi hata karatasi moja. Analobaki nalo ni neno moja tu: "Wamemwonea." Huenda kweli wamemwonea. Lakini shauri hilo atalipeleka kwa nani, na kwa ushahidi gani?

Mara nyingi tunapozungumzia haki za wanafunzi wa vyuo vikuu, fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye migomo, mabango na polisi. Mimi naona kwamba sehemu kubwa ya haki hizo hupotea kimyakimya, na hupotea kwa sababu familia imejitoa katika jambo ambalo sheria ya dini na sheria ya nchi zote mbili zimeipa nafasi ndani yake. Sisemi haya ili kuwatua mzigo wakuu wa vyuo na Serikali. Mzigo wao upo, na nitaufikia.

Chanzo cha kujitoa huko ni kizuri, na ndiyo maana kinapotosha. Sisi tuliolelewa madrasa tunamtukuza mwalimu. Mzazi humkabidhi mtoto kwa ustadhi kwa maneno machache, na haji tena kuuliza mpaka mtoto amehitimu. Adabu hiyo ina heshima yake. Lakini chuo kikuu si kibaraza cha madrasa yenye ustadhi mmoja anayemjua kila mtoto na mama yake. Ni taasisi yenye maelfu ya wanafunzi, kanuni zilizochapwa, kamati, tarehe za mwisho na namba za usajili. Ndani ya taasisi ya namna hiyo, mwanafunzi asiye na mtu wa kumfuatilia hugeuka namba tu. Na ile hadithi mashuhuri ya uchungaji, waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (R.A.), haikumwekea mzazi mwisho wa jukumu lake kwenye mlango wa basi.

Tuanze na mlango wa kwanza, ambao uko kijijini. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Tangu hapo, kwa mtoto wa mkulima, kupata au kukosa shahada kumekuwa kukitegemea kwa kiasi kikubwa fomu ya Bodi. Fomu hiyo inadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Aliyefiwa na mzazi anadaiwa cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Hapa ndipo panapouma. Sisi Waislamu tunaharakisha maziko, na hiyo ni sunna njema. Mtu amefariki alfajiri, baada ya swala ya adhuhuri amekwisha kuzikwa, khitma imesomwa, watu wametawanyika. Kibali cha mazishi, kama kilitolewa, kimeliwa na mchwa. Hakuna aliyekwenda wilayani kusajili kifo. Miaka zaidi ya kumi inapita. Mtoto aliyekuwa darasa la pili siku ile anamaliza kidato cha sita kwa ufaulu mzuri, anafungua dirisha la maombi, na anaulizwa: baba yako yuko wapi? Mtoto huyu ni yatima machoni pa Mwenyezi Mungu na machoni pa kijiji kizima, lakini mbele ya kompyuta ya Bodi ana baba.

Suratun Nisaa imewaonya kwa ukali mkubwa wale wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma. Ami au mjomba aliyeacha kusajili kifo hakula chochote, na sitamhesabu miongoni mwao. Hata hivyo fungu ambalo yatima yule angelipata limepotea akiwa anatazama, na ndiye aliyekuwa na uwezo wa kulihifadhi kwa safari moja ya wilayani.

Jambo la pili ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khadija, daftari la shule linasema Hadija, na cheti cha kidato cha nne kinafuata daftari la shule. Baba ni Mohamedi hapa, Muhamadi pale, Muhammad kwingine, kwa sababu mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia. Kwa Wamwera, Wamakua na Wayao, ambao mila zao zimempa mjomba nafasi kubwa, upo uwezekano wa mtoto kuandikwa shuleni kwa jina la mjomba aliyemlea, ilhali cheti cha kuzaliwa kina jina la baba. Qur'an katika Suratul Ahzab, aya ya tano, ilikwisha kuagiza watoto wanasibishwe na baba zao, na leo hekima ya agizo hilo unaiona hata katika foleni ya kuhakiki vyeti. Kusahihisha jina la mtoto akiwa darasa la tatu ni kazi ya asubuhi moja na mwalimu mkuu. Kulisahihisha baada ya kidato cha sita ni kiapo, hati ya kisheria, nauli na wiki nyingi, na dirisha la mikopo halimsubiri mtu.

Mlango wa pili ni mkataba wenyewe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu ni ya 282 ya Suratul Baqarah, na inazungumzia deni. Inaagiza deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Inakwenda mbali zaidi: inamtaka mwenye kudaiwa ndiye ayataje yaandikwe, na akiwa dhaifu au hawezi, basi msimamizi wake ayataje kwa uadilifu kwa niaba yake. Nawaomba wazazi wenzangu waisome tena sehemu hiyo ya msimamizi. Kijana wa miaka 19 anaingia katika deni la mamilioni ya shilingi litakalomfuata mpaka atakapokuwa na wake na watoto. Aya imeweka nafasi ya mtu mzima pembeni yake. Je, nafasi hiyo tumeijaza kwa kusoma mkataba, au kwa dole gumba?

Na mkataba huu si wa kuchezea. Mwaka 2016 sheria ya Bodi ilirekebishwa, na makato ya marejesho yakapandishwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Waliokopa wakati wa 8 wakajikuta wanakatwa 15, na vilio vya wafanyakazi vikasikika nchi nzima. Aidha kulikuwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyoongezwa juu ya deni, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kulipa. Tozo hiyo ya asilimia 6 iliziweka familia za Kiislamu katika mtihani mzito: mtoto asome kwa mkopo wenye nyongeza inayofanana na riba, au abaki nyumbani? Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021, na adhabu ile nayo ikaondolewa mwaka huohuo. Alhamdulillah.

Imebaki ada ya uendeshaji ya asilimia 1. Kuhusu ada za namna hii, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilitoa uamuzi katika kikao chake cha tatu mjini Amman, Oktoba 1986, lilipokuwa likijibu maswali ya Benki ya Maendeleo ya Kiislamu: inajuzu kutoza gharama za kuhudumia mkopo, kwa sharti kwamba zisizidi gharama halisi, na kinachozidi hapo ni riba iliyoharamishwa. Kwa hiyo swali la haki ambalo mzazi Mwislamu anaweza kuiandikia Bodi ni hili: je, asilimia 1 hiyo inalingana na gharama halisi za uendeshaji? Sitoi fatwa hapa. Masheikh wetu wakae nalo, na wakae nalo wakiwa na hesabu za Bodi mkononi badala ya uvumi wa barazani. Lakini ili kuuliza swali hilo lazima uwe umeuona mkataba.

Mzazi pia ajue kwamba fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023, na kwamba mwanafunzi hupaswa kujisajili na kuthibitisha kila inapotolewa. Asiyethibitisha kwa wakati fedha yake hurudishwa kwenye Bodi. Kijana anapopiga simu mwezi wa pili akisema ana njaa, kabla ya kuuza mbuzi muulize kwanza kama amesaini.

Sasa niufikie mzigo wa wakubwa, na mfano wake hauko mbali. Mwaka 2014 Serikali ilianzisha Chuo Kikuu cha Dodoma stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari, ikawachukua vijana waliomaliza kidato cha nne ili kuziba pengo la walimu wa masomo hayo. Vijana hao hawakujidahili wenyewe. Waliitwa, wakapewa nafasi na kugharimiwa. Mei 2016 wahadhiri wakaacha kuwafundisha wakidai malipo. Tarehe 28 ya mwezi huo likatoka tangazo la kuwataka wanafunzi waondoke chuoni ndani ya saa 24. Walikuwa zaidi ya 7,000, na baadhi yao walikuwa hawajatimiza miaka 18. Tarehe 30 Mei, Naibu Spika Dk. Tulia Ackson alikataa hoja ya kutaka Bunge lijadili jambo hilo kwa dharura, na kikao kikavurugika. Tarehe 2 Juni Rais John Magufuli, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitetea uamuzi ule akisema hawakuwa na sifa za kuwa chuo kikuu, na neno "vilaza" likawa gumzo la nchi. Baadaye wachache wenye ufaulu wa juu walirudishwa Dodoma, wengi wakapelekwa vyuo vya ualimu vya Serikali, na wengine wakaambiwa hawana sifa.

Ndugu msomaji, hapo zilichanganywa kesi mbili ambazo hakuna hata moja iliyokuwa ya mwanafunzi. Ya kwanza ni ya mhadhiri na mwajiri wake kuhusu malipo. Ya pili ni ya aliyepanga viwango vya kuingilia chuoni. Suratul An'am imetufundisha kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Serikali ilikuwa na haki ya kukagua sifa, na hata ya kuufunga mpango ule ikiona umekosewa. Haki ya kumtoa msichana wa miaka 17 bwenini kwa saa 24, huku Dodoma hadi Nachingwea si safari ya siku moja kwa mtu asiye na nauli, hiyo siioni imetoka wapi. Mbona saa hizo hazikuwa siku saba, wazazi wakaarifiwa, usafiri ukapangwa?

Hata hivyo jiulize kama mwanao angelikuwamo. Barua ya udahili inayotaja jina la kozi, muda wake na sifa alizopokelewa nazo, unayo? Mkataba wa mkopo unaoonyesha kiasi kilichotolewa kwa miaka ile, unao? Familia yenye karatasi hizo ilikuwa na cha kumwonyesha mbunge, mwanasheria au mwandishi wa habari, na ilikuwa na swali la kuuliza: deni la muhula uliokatwa katikati na aliyeuanzisha mwenyewe, ni la nani? Familia isiyo nazo ililia tu, na kilio hakina kumbukumbu katika faili.

Historia ya vyuo vyetu imejaa vijana waliorudishwa nyumbani. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakafukuzwa. Machi 5, 1978 wakaandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi. Mamia walifukuzwa na umoja wao, DUSO, ukapigwa marufuku. Mei 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa, kikaja kufunguliwa Januari 1991. Mwaka 2007 na 2008 ikawa migogoro ya mikopo. Simbezi yeyote kati yao. Hoja ya mwaka 1978, kwa mfano, ingesimama hata leo mbele ya mtu mwadilifu. Lakini hesabu ni hesabu: kila mara aliyepanda basi la kurudi kwao alikuwa mwanafunzi, na aliyempokea akiwa hana cha kusema alikuwa mzazi.

Linganisha na yaliyotokea mwaka 2012. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, ufaulu wa somo la Maarifa ya Uislamu ulikuwa umeporomoka kwa namna isiyoelezeka. Jopo la Elimu ya Kiislamu halikuishia kulalamika misikitini. Liliandika kwa Baraza la Mitihani na kudai matokeo yapitiwe upya. Yalipopitiwa, Baraza likakiri kwamba palikuwa na kasoro katika kukokotoa alama, na matokeo yakasahihishwa. Kwa kijana aliyelihesabia somo lile ili kuingia chuo kikuu, tofauti ya herufi moja ilikuwa tofauti ya maisha. Wako waliotaka jambo hilo liishie kwenye maandamano na hotuba, na hasira yao ilieleweka. Lakini alama zilirudi baada ya kasoro kuonyeshwa kwenye hesabu zenyewe.

Mwanafunzi mmoja mmoja naye ana kesi zake. Anatuhumiwa kuingia na karatasi katika chumba cha mtihani, anaitwa mbele ya kamati, anaona haya kuwaambia wazee, anakwenda peke yake, anatetemeka, anatoka amesimamishwa. Hapa dini yetu ina neno zito. Katika Suratu Swaad tunasoma habari za wagomvi wawili waliomwingilia Nabii Daud (A.S.) mihrabuni. Mmoja alieleza, naye akatamka hukumu, kisha akatambua kuwa ametahiniwa, akaanguka kusujudu na kuomba maghfira. Wako wafasiri wanaosema kilichomtia katika majuto ni kuhukumu kabla hajamsikia wa pili. Na Mtume (S.A.W.) alipomtuma Ali (R.A.) Yemen kuwa kadhi, alimwagiza asihukumu kwa kauli ya mlalamikaji wa kwanza mpaka amsikilize na mwenzake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), nayo imempa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa pale haki yake inapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Kamati ya nidhamu ya chuo ni chombo kingine. Kwa hiyo kijana adai tuhuma kwa maandishi, ajibu kwa maandishi, na ahesabu siku za rufaa kuanzia siku alipopokea barua. Vivyo hivyo mgonjwa: cheti cha hospitali kifikishwe chuoni kabla ya mtihani, au mara tu inapowezekana, ili apangiwe mtihani maalumu. Kuleta cheti baada ya matokeo ni kama kuleta gunia ghalani baada ya mnada.

Nije kwenye jambo ambalo kurasa zetu hulikwepa kwa kuona haya. Rushwa ya ngono vyuoni si uvumi. Mwaka 2018 mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Vicensia Shule, alilisema hadharani, na mwaka 2020 TAKUKURU ikatoa utafiti juu ya tatizo hilo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Namba 11 ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayetumia cheo chake kudai ngono ili atoe haki. Binti ambaye alama zake zimezuiliwa na mhadhiri wa namna hiyo anakabiliwa na milango miwili, wa ofisi ya yule mhadhiri na wa nyumbani kwao. Wa nyumbani ndio anaouogopa zaidi, maana anajua atakachoulizwa: ulivaaje, ulikwenda kufanya nini ofisini kwake, usituaibishe. Akiujua mlango huo umefungwa, mwingine kati ya miwili utamshinda. Baba anayemlinda binti yake kwa stara hana budi amwambie kwa kinywa chake, kabla hajapanda basi, kwamba likitokea jambo la namna hiyo yeye ndiye wa kwanza kupigiwa simu, na hatalaumiwa kwa kusema. TAKUKURU wanapokea simu bila malipo kwa namba 113. Ujumbe wa maandishi aliotumiwa asiufute kwa haya, kwani huo ndio ushahidi.

Je, mzazi asiyejua kusoma afanye nini? Hapa ndipo msikiti unapoingia, na sioni sababu ya kungoja taasisi kubwa kutoka Dar es Salaam. Nachingwea ina chuo cha ualimu na walimu wastaafu. Kila kata ina kijana mmoja aliyekwisha kupita chuo kikuu. Msikiti unaomudu kuchangisha mabati unaweza kutenga saa mbili baada ya swala ya Ijumaa, mwalimu mstaafu na kijana huyo wakakaa na kompyuta moja, wakasomewa barua na mikataba wasiojua kusoma, wakaandikiwa barua za rufaa wanaodhulumiwa. Mfuko mdogo wa kuwalipia mayatima ada ya maombi ya mkopo, ambayo imekuwa shilingi 30,000, hauhitaji harambee ya mgeni rasmi. Vyama vyetu vya msingi vina makatibu wanaoandika kila kilo inayoingia ghalani. Kwa nini watoto wetu, ambao ni bora kuliko korosho, wasiwe na katibu?

Kazi hii inazidi kusogea karibu. Kupitia mradi wa HEET, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimejipangia kampasi mkoani Lindi, na watoto wengi zaidi wa mkoa huu watasoma si mbali na kwao. Ukaribu huo utamwezesha mzazi kufika ofisini kwa mlezi wa wanafunzi akiwa amebeba bahasha yake: barua ya udahili, mkataba wa mkopo, stakabadhi za ada, matokeo ya kila muhula, na nakala ya kila barua iliyotumwa na iliyopokelewa. Yule ambaye mwanawe yuko kidato cha tano hivi sasa bado ana muda wa kuanza na karatasi ya chini kabisa katika bahasha hiyo. Ofisi ya kusajili vizazi na vifo iko makao makuu ya wilaya, na waliohudhuria maziko ya miaka kumi iliyopita wengi wao bado wako hai, wanaweza kutoa ushahidi.